Sanduku Lenye Tundu

Neno la juma hili: 2 Wafalme 4:1-7 na 2 Wafalme 12:4-16

Mwenye Biblia afungue kitabu cha pili cha Wafalme. Tutasoma pahali pawili, na wale watakaochukua karatasi hii kanisani watarudia kusoma polepole nyumbani pamoja na watoto wao.

Tuko katika mwezi wa nane. Kila mzazi anajua maana yake. Mwezi wa tisa watoto wanarudi masomo, na katika Jumapili hizi wachungaji wengi watasimama mbele ya kusanyiko kuomba toleo la pekee kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao hawawezi. Sisi pia tutaliomba. Lakini kabla ya kuomba tunataka tuzungumze na ninyi juu ya namna ya kuomba, namna ya kutoa, na namna ya kulinda kile kilichotolewa. Hayo ndiyo yanayoamua kama mtoto aliyeingia darasani mwezi wa tisa atakuwa angali amekaa pale mwezi wa sita.

Kuna swali linalotufikia kila mwaka: "Watumishi wa Mungu, masomo si ni bure siku hizi? Feza ya nini tena?" Ni swali zuri, na anayeuliza asidharauliwe. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za Serikali. Maneno hayo yalingoja miaka mingi. Septemba 2019 ndipo Serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipoanza kuyatekeleza, pamoja na zile shule za Serikali zinazoongozwa na makanisa. Wazee wanakumbuka yaliyokuwapo kabla. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati mshahara wa mwalimu ulipokuwa umekufa na migomo ilipofunga madarasa, wazazi walianza kumlipa mwalimu wao wenyewe. Tuliita primu. Ilianza kama msaada wa kupita tu, ikadumu zaidi ya miaka 25, na mtoto ambaye hakuleta primu alirudishwa nyumbani na mfuko wake mgongoni. Kwa hiyo kilichoondolewa mwaka 2019 si kitu kidogo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Lakini masomo ya bure hayamvalishi mtoto. Nguo za bulu na nyeupe zinanunuliwa. Kaye, biki, viatu na mfuko vinanunuliwa. Madarasa yalijaa kuliko zamani, na walimu wengi walikutwa hawamo katika orodha ya mishahara ya Serikali. Mwalimu mwenye njaa naye anatafuta njia zake. Tena bure hiyo ni ya shule ya msingi. Mtoto akimaliza mwaka wa sita, akafaulu mtihani wa ENAFEP, furaha ya nyumbani inadumu juma moja, kisha inakuja minervale ya sekondari. Hapo ndipo watoto wetu wengi wa Luano wanapoangukia. Na kama feza ya nyumba inatosha mmoja tu, mnajua ninyi wenyewe ni nani anayebaki nyumbani kulea wadogo zake. Ni msichana.

Sasa tusome 2 Wafalme sura ya 4. Mjane mmoja anamlilia Elisha. Mume wake alikuwa mcha Mungu, mmoja wa wana wa manabii, naye amekufa. Ameacha deni. Yule anayedai amekuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa wake.

Angalieni vizuri: deni ni la wakubwa, lakini kinachochukuliwa ni watoto. Jambo hilo halikuishia Israeli. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wanafanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo, ndiyo kusema huku kwetu. Wanaokota mawe, wanayaosha, wanabeba viloba vizito kuliko miili yao. Wengine hawako mgodini, wako barabarani wanauza mikate na karanga wakati wenzao wanasoma. Ndege zinatua hapa Luano kila siku, zinatoka Kinshasa, zinatoka Addis Ababa, na mtoto anayeishi karibu na uwanja anajua sauti ya kila moja, lakini hajui kuandika jina la mji unaotoka.

Mtu asiseme ni uvivu wa wazazi. Katika kata hizi wamo waliofanya kazi Gécamines, au watoto wao. Wakati ule kampuni ilitoa mposho, ilikuwa na hospitali, ilikuwa na shule, na mtoto wa mfanyakazi alisoma. Kampuni ilipoanguka, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa mwaka 2003 kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa kiasi mara moja, kikaisha. Baba aliyesomeshwa na kampuni akashindwa kumsomesha mwanawe. Leo mjukuu wake ndiye tunayemsemea. Mjane wa Elisha naye mume wake hakuwa mvivu. Biblia inasema alimcha Bwana.

Elisha hakumpa mama yule feza. Alimwuliza una kitu gani nyumbani mwako. Mama akasema hana kitu, ila chupa ya mafuta. Akaambiwa aende kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena si vichache. Majirani walichotoa ni vyombo vitupu tu! Hatusikii kwamba mmoja wao alikuwa tajiri. Tunasema hivi kwa sababu kila mara tunapoomba kwa ajili ya masomo, wengine wanajificha nyuma ya nguzo wakisema sina. Fundi wa kushona, una mashine: shona nguo mbili za shule. Mwalimu uliyestaafu, una chaki na una Jumamosi: wakalishe chini watoto wa mwaka wa sita kabla ya mtihani. Mama mwenye meza sokoni, una kaye ambazo hazijauzwa tangu mwaka jana. Mwanafunzi wa sekondari, una vitabu ulivyomaliza. Hivyo ndivyo vyombo vya majirani.

Kisha kuna neno dogo ambalo wahubiri wengi wanalipita. Elisha alimwambia mama aingie ndani na wanawe na kufunga mlango. Funga mlango. Muujiza ule ungeweza kufanyika katikati ya soko na Elisha angepata sifa nyingi. Lakini mlango ulifungwa, na waliojua jinsi mafuta yalivyomiminika ni mama na watoto wake wawili.

Hapa tuongee waziwazi kama ndugu. Tumeona mahali fulani watoto wakipangwa mbele ya kanisa, mmoja mmoja, kipaza sauti kikitaja jina la mtoto, jina la baba, na kwamba baba ameshindwa. Wanapigwa picha. Toleo linakuwa kubwa siku hiyo, kweli. Lakini Jumatatu mtoto huyo anaingia darasani na wenzake wanajua. Wanamwita mtoto wa sadaka. Tumesikia mtoto aliyekataa kuvaa nguo aliyopewa kwa sababu kila mtu alijua ilitoka wapi. Tumemsaidia au tumemwuza? Machozi ya mtoto yasigeuzwe kuwa tangazo, hata kama tangazo lina nia njema. Katika Matayo 6 Bwana Yesu alikataza tarumbeta mbele ya mtoaji. Sisi tunaongeza, na tunaamini tuko ndani ya roho ya neno lake: tarumbeta isipigwe hata mbele ya anayepokea.

Twendeni sura ya 12. Hapa feza ni nyingi, na bado kazi haifanyiki. Mfalme Yoashi aliamuru kwamba feza inayoletwa hekaluni itengeneze mahali palipobomoka. Makuhani wapokee, kila mmoja kwa watu anaowajua. Ukifika mstari wa 6, ni mwaka wa 23 wa mfalme, na nyumba ya Mungu ingali imebomoka. Andiko halisemi kwamba makuhani waliiba. Wala sisi hatusemi. Pengine kila mmoja alikuwa na mambo mengi. Feza ilipita mikononi mwa watu wema, bila sanduku, bila hesabu, na ukuta ukabaki na ufa.

Ndipo Yehoyada kuhani akachukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume, mahali ambapo kila anayeingia analiona. Kinachoingia kwa tundu hakitoki kwa tundu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wawili, mmoja wa jumba la mfalme na mmoja wa hekalu. Walihesabu, wakafunga mifukoni, wakawapa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe. Na mstari wa 13 unasema kwamba feza hiyo haikufanyiza vikombe vya fedha wala tarumbeta. Vitu hivyo ni vizuri, ni vya hekalu. Lakini feza ya ufa ni ya ufa. Wapendwa, feza ya kaye isinunue viti vya plastiki, wala spika, wala isikopeshwe kwa mkutano wa injili kwa ahadi kwamba itarudi. Mkutano ni wa Mungu, ndiyo. Utafutiwe toleo lake.

Mtu anayesoma Biblia vizuri atatupinga hapa: "Mstari wa 15 unasema hawakuwadai hesabu wale watu, kwa maana walitenda kwa uaminifu. Kwa nini ninyi mnataka hesabu?" Ndugu, soma tena polepole. Ambao hawakudaiwa hesabu ni wasimamizi waliolipa mafundi, na ukuta wao ulikuwa unaonekana ukipanda. Lakini kabla feza haijawafikia, ilikuwa imekwisha kuhesabiwa na watu wawili. Hata mtume Paulo, ambaye sisi sote tungempa mfuko bila kufungua mdomo, hakukubali kubeba toleo la maskini wa Yerusalemu peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 alimtuma Tito na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu. Paulo alihesabiwa. Nani kati yetu ni mkubwa kuliko Paulo?

Sasa tunafika kwenye jambo gumu zaidi, na tunajua wengine hawatalipenda.

Toleo la mwezi wa tisa linajaa. Roho zinaguswa, watu wanaahidi kwa sauti. Feza hiyo inagawiwa watoto wengi iwezekanavyo, kila mmoja anapata kidogo, picha inapendeza. Mwezi wa kumi na mbili mvua zinapiga, makala yanapanda bei, ahadi hazijalipwa, na watoto wanaanza kurudi nyumbani. Mtoto aliyefukuzwa katikati ya mwaka ameumia kuliko yule ambaye hakuingia, kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini. Bwana Yesu katika Luka 14 alisema juu ya mtu anayeanza mnara bila kukaa chini na kupiga hesabu. Mnara usioisha unachekwa. Mtoto asiyeisha masomo analia.

Kwa hiyo, baada ya kuomba na kushauriana na wazee na mama wa kanisa, tumekubaliana: tutachukua watoto wachache, na tutawabeba mpaka mwisho. Anayeingia sekondari mikononi mwetu, tumshike mpaka Mtihani wa Serikali. Tutapata wapi ujasiri wa kumwambia mama wa mtoto wa kumi na mmoja kwamba nafasi zimejaa? Hatujui namna tamu ya kulisema. Tutalisema na tutalia naye. Lakini hatutampa mtoto wake nusu ya mwaka ili sisi tuonekane wakarimu.

Hilo linahitaji utoaji wa namna nyingine. Katika 1 Wakorintho 16 Paulo anafundisha kwamba kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili mchango usifanywe kwa haraka atakapokuja. Kidogo, kila juma, bila kelele. Anayetoa franga kidogo kila Jumapili kwa miezi kumi anamsaidia mtoto kuliko anayetoa dola nyingi Jumapili moja na kupigiwa makofi. Na wale Wakorintho walikuwa wameahidi mwaka mzima kabla. Paulo akawaandikia wamalize walichoanza. Kama una ahadi ya mwaka jana ambayo haijalipwa, kaa ukijua kuna mtoto aliyeihesabu.

Wengine watasema mambo haya ni ya wazungu wenye mashirika. Hapana. Hapa karibu, Kalebuka, katika komini hii hii ya Annexe, binti wa Lubumbashi anayeitwa Noëlla Coursaris Musunka alianzisha kazi ya Malaika mwaka 2007. Alifiwa na baba yake akiwa na miaka mitano, na mama yake, kwa kukosa uwezo, akampeleka kulelewa na ndugu huko Ulaya. Alipokua alirudi. Mwaka 2011 shule ya wasichana ilifunguliwa, hawalipi, wanakula shuleni, na leo ina wasichana zaidi ya 400, mpaka sekondari. Visima vilichimbwa kwa ajili ya majirani pia. Hiyo si kazi ya kanisa letu na hatukutumwa kuitangaza. Tunachokiangalia ni kwamba haikuishia mwezi wa tisa wa mwaka wa kwanza. Feza inatafutwa mbali, kwa watu wengi, mwaka baada ya mwaka, na shule imepanda pamoja na watoto wake.

Na kama tunataka mfano wa wapentekoste, tusiende mbali na Katanga. Mwaka 1915 William Burton na James Salter walifika Mwanza, katika nchi ya Waluba. Nyuma yao kulikuwa na makanisa madogo ya Uingereza, na mji mmoja uliowabeba sana ni Preston, mji wa viwanda vya pamba. Watu wa viwandani, wenye mishahara ya viwandani, walikusanya matoleo yao kwa ajili ya mahali ambapo hawangefika kamwe. Babu zetu wengi walijifunza kusoma wakiwa na Injili mkononi. Sisi tunaosoma karatasi hii tumelipiwa.

Basi mpango ni huu. Sanduku litakuwa upande wa kuume wa mimbari tangu Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa. Lina tundu, na lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja uko kwa mama mmoja wa kikundi cha mama, wa pili kwa shemasi, wa tatu kwa mzazi ambaye si wa kanisa letu, aliyechaguliwa na wazazi wa kata. Mchungaji hana ufunguo, naye mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo. Litafunguliwa Jumapili ya mwisho ya kila mwezi baada ya ibada, na anayetaka kubaki kuangalia wakihesabu abaki. Minervale italipwa shuleni moja kwa moja, na karatasi ya malipo itawekwa katika kitabu. Jumatatu inayofuata, katika kipindi hiki hiki, tutasoma kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Tutasema idadi ya watoto. Majina hayatasomwa, na hakuna mtoto atakayeitwa mbele.

Watoto watachaguliwa na kamati ya watu watano, wawili kati yao ni walimu. Hawatauliza mtoto anasali wapi. Mtoto wa Mkatoliki, wa Mkimbangu, wa Mwislamu, wa asiyesali, Yakobo 1:27 inasema yatima na wajane, haikuweka alama ya kanisa. Na mzazi asilazimishwe kuhamia kwetu kwa sababu ya kaye. Tumeomba kamati iwe na wasichana si chini ya nusu ya watoto itakaowachagua.

Mafundi wa kushona, waalimu na wenye vitabu wajiandikishe kwa mama wa kikundi Alhamisi, baada ya maombi ya mchana. Wenye ahadi za mwaka jana wasione haya; sanduku halina macho, linapokea tu. Mzazi mwenye shida aje ofisini jioni, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Ataingia peke yake, na tutafunga mlango.